Kanada Walipiga Simu Kuuliza Kama Sahil Ni wa Kwetu

Ma Klaudia mpendwa, shikamoo.

Mimi si mtu wa kuomba msaada, kwa kawaida watu ndio huniomba mimi, maana mimi ndiye fundi simu nambari moja hapa Kashai, hao wengine wanaojiita mafundi wanabahatisha tu, wanafungua simu ya mtu kama wanamenya ndizi, lakini safari hii nimekaa chini na kalamu naomba ushauri wako, na jina langu naomba ulifiche kwa sababu najulikana sana. Shule niliachia kidato cha pili, si kwa kukosa akili, ni shule ndiyo iliyoishiwa cha kunifundisha, kwa hiyo ukiona mahali nimesahau nukta ujue ni mawazo yanakimbia kuliko mkono.

Habari yenyewe ni ya Kanada. Najua utasema fundi wa Kashai na Kanada wapi na wapi, subiri.

Nina rafiki yangu anaitwa Sahil, Mhindi wa mtaa wa Bilele hapa Bukoba, mjukuu wa marehemu Umedbhai aliyekuwa na duka la spea za baiskeli, yule mzee ambaye wasafirisha ndizi wote kuanzia hapa mpaka Muleba walimwita Ta Umedi kama wanavyomwita mzee yeyote wa Kihaya. Sahil kazaliwa hapa, baba yake Ashish kazaliwa hapa, mzee mwenyewe kazaliwa hapa, na Kihaya Sahil anakijua kuliko mimi, kuna siku alinisahihisha mbele ya wateja wangu, mtoto wa Kihindi ananisahihisha Kihaya, hebu fikiria hiyo aibu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza na utani wetu ulikuwa huohuo miaka yote, mimi namwambia we Mhindi rudi kwenu, yeye ananiambia we Mhaya rudi shule, namwambia hesabu chenji vizuri, ananiambia hesabu utaijulia wapi wewe. Hakuna aliyewahi kununa. Babu yake alikuwa akitusikia anatingisha kichwa tu huku anakaza spoki, anasema kwa Kihaya kwamba kelele za watu wawili na kazi ya hata nusu mtu haipo.

Miaka mitatu iliyopita akapata chuo Kanada, mji unaitwa Winipegi, baridi ya huko anasema ukitema mate yanafika chini yameshakuwa kokoto. Nilijua atarudi na mashavu mekundu na majivuno. Badala yake akaanza kunitumia sauti kwenye simu, ndefu, za dakika nane, za dakika kumi, analalamika, na mimi nacheka, kwa sababu Ma Klaudia hiyo Kanada wanayoiota watu hapa ngoja nikusimulie ilivyo, utachoka.

Siku ya kwanza chuoni kapewa fomu, kuna vyumba vya kuweka alama, wewe ni mtu wa aina gani. Mwenzangu kaweka alama kwenye Mwafrika, kwa sababu anatoka Afrika, mambo rahisi kabisa hayo. Karani akamwita.

"Umekosea hapa," akamwambia kwa tabasamu pana.

"Sijakosea, mama, natoka Tanzania. Bukoba."

"Sawa, lakini unatoka wapi hasa?"

"Hasa? Bilele."

Karani kacheka kidogo kwa upole, kachukua kalamu, kafuta alama ya Sahil, kamwekea nyingine kwenye Mwasia Kusini, halafu kamwambia karibu sana Kanada, hapa kila mtu anathaminiwa alivyo. Alivyo! Kafuta mwenyewe kwa mkono wake halafu anathamini!

Ikaja siku ya tamaduni zote, hiyo kwao ni sikukuu kubwa, kila watu na hema lao na bendera yao na chakula chao. Sahil wakampeleka hema la India, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, wakamfunga kilemba ambacho babu yake mwenyewe hakuwahi kukivaa, wakamwambia cheza. Wanafunzi waliotoka India kwenyewe wakamuuliza Bukoba ipo jimbo gani. Akajaribu kuongea nao Kigujarati cha nyumbani, wakashikana mabega kwa kucheka, kwa sababu kumbe alikuwa anasema "fagio" na "sufuria" na "kisu" miaka yote akidhani ni Kigujarati, na bibi yake alikuwa anadhani hivyohivyo! Akavua kilemba akaenda hema la Afrika, angalau akale ndizi, binti mmoja wa Afrika ya Magharibi akampokea kwa adabu zote, akamwambia karibu mgeni, umeshawahi kuonja chakula cha Kiafrika? Kamwekea vipande vitatu vya ndizi kwenye kijisahani, kamwelekeza jinsi ya kula. Sahil! Mtu aliyekuwa anashindana na mimi nani amalize sufuria!

Basi mimi nilicheka mpaka mteja akadhani simu yake imenilipukia. Yaani nchi nzima imekaa kuchambua watu kama tunavyochambua kahawa, hizi huku, hizi kule, zile zenye kasoro pembeni, halafu ikishamaliza kuchambua inapiga ngoma, jamani njooni mwone tulivyochanganyika. Nilimjibu Sahil hivyohivyo, naye akacheka, akasema Muta una akili mbaya sana wewe. Nilijua nina akili, sikujua ni mbaya.

Sasa nafika penyewe. Winipegi kuna chama cha watu wa Kagera, wanakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye ukumbi wa kanisa, wakizikana, wakiozeshana, wakila ndizi za kwenye barafu, na mwenyekiti wao ni Ta Karugendo, mtu wa Muleba kwa upande wetu kabisa, anaendesha basi la mjini huko mwaka wa kumi na nane. Sahil akaenda. Akawaamkia wazee kwa Kihaya, mmoja mmoja, wakapiga makofi, kina mama wakasema mawe, yaani mama wee kwa Kihaya, mwone huyu mtoto! Akajua amefika. Lakini alipoomba kuandikwa mwanachama makofi yakapungua. Kwa wengine huwa ni swali moja tu, mtoto wa nani, kijiji gani, ukoo gani, wamemaliza. Sahil ukoo hana. Katibu akasema Wahindi wana chama chao hapa mjini na ukumbi wao una zulia, huyu anatafuta nini kwetu. Wengine wakasema hapana, huyu ni mtoto wa nyumbani. Wakabishana, mwisho mwenyekiti akasema tupige simu nyumbani, atupe mtu anayemfahamu, atakachosema huyo tutakifuata.

Sahil akatoa namba yangu.

Ma Klaudia, hakuniambia mapema! Hapo ndipo kosa lake lilipo na naomba uliandike. Huko ilikuwa asubuhi, huku ni jioni saa kumi na mbili, saa ambayo kibandani kwangu wapo vijana wote, Kahangwa yupo, kina nani wapo, simu inaingia namba ndefu ya ng'ambo, mimi ni nani nisiweke spika? Nikaweka. Na kule kumbe wameweka spika ukumbi mzima.

"Fundi, hujambo. Naitwa Karugendo, niko Kanada. Hapa tuna kijana anaitwa Sahil, wa Umedbhai. Unamfahamu?"

"Namfahamu sana, Ta!"

"Tunataka kujua. Huyu ni mtu wa kwetu?"

Kahangwa akanitazama na macho yale ya haya sema, fundi, tusikie. Na mimi mdomo wangu unavyojulikana, ukitazamwa haujui kukaa. Nikasema, "Huyo? Huyo ni Mhindi wa duka la spea tu, Ta! Mrudisheni kwenye hema la wenzake, na akiwauzia kitu hesabuni chenji!"

Kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko. Kule Kanada nako nikasikia watu wanacheka, tena sana. Nikasubiri Sahil anijibu, maana ilikuwa zamu yake, angesema tu rudi shule we Mhaya tungeendelea. Nikamsikia kwa mbali, anacheka kidogo, anasema, "Haya waitu," yaani wa kwetu kwa Kihaya, "umenimaliza." Simu ikakatika. Kahangwa akanipa mkono, akasema umewakomesha mpaka Kanada. Nilitembea siku ile kama nimeongezeka kimo.

Wiki iliyofuata Sahil akanitumia sauti moja fupi, kanieleza mabishano yao ya ukumbini, kisha kanisomea barua waliyomwandikia, kwamba wamepokea maelezo kutoka nyumbani na wanamtakia kila la heri katika jumuiya yake. Maelezo kutoka nyumbani ndiyo mimi. Nilimtumia ujumbe, nikamwambia achana nao hao madereva wa basi, hawajui utani. Hakujibu. Nikatuma picha ya kuchekesha. Hakujibu. Nikasema ananuna kizungu, ataacha.

Halafu mwezi wa tano mzee akafariki. Ta Umedi. Hapo utani ukaisha kidogo hata kwangu, kwa sababu yule mzee alinifundisha kunyoosha ringi kabla sijajua kushika kitu chochote cha ufundi, na baba yangu alipofariki tukamzika kwetu Muleba, mzee alifunga duka siku tatu, akaja na Sahil, wakakaa chini kwenye nyasi za msiba kama watu wote, na magoti yake mabovu, nami hata siku ile nilimtania kwamba leo Mhindi kakosa kiti. Akasema, "Nyamaza, mtoto, lia kwanza." Basi Wahindi wenyewe hapa mjini wamebaki wachache, kubeba tulibeba sisi, mimi bega la mbele. Wao hawaziki, wanachoma kwa kuni kwa desturi yao, Ashish akawasha moto, na Sahil hakupata nafasi ya kusafiri kwa hiyo alikuwa kwenye simu. Simu ile niliishika mimi. Fundi ndiye nani? Nilisimama na moto mbele na simu mkononi, uso wa Sahil kwenye kioo, nyuma yake ukuta mtupu, chumba kitupu, hakuna hata mtu mmoja pembeni yake. Saa nzima nilimshikia hivyo. Moto ulipopungua akasema "asante, fundi," akazima. Fundi! Tangu darasa la kwanza hajawahi kuniita hivyo.

Sasa mama yake, Mama Jagruti, juzi kaniita dukani. Yule mama ananiita dikra, kwa lugha yao ni mwanangu, tangu nikiwa mdogo. Kaninywesha chai kwanza, halafu kasema, "Dikra, Sahil kakaa na msiba wa babu yake peke yake. Siku zote kumi na tatu za matanga yetu, peke yake. Wa India huko walituma maua, hawamjui. Lakini Wahaya wa Kagera wako wengi mji uleule, na kwetu mtu akifiwa hakai peke yake, nyinyi ndiyo mliotufundisha hivyo. Hakwenda hata mmoja. Sahil haniambii sababu, anasema tu hatarudi tena Bukoba, tuuze duka tumfuate. Wewe una marafiki, una simu za kila mahali. Hebu niulizie. Walimkosea nini, au yeye aliwakosea nini?"

Nikamwambia nitauliza, mama. Nikamaliza chai yake yote.

Kwa hiyo swali langu ni hili, Ma Klaudia, nimwambie nini? Nimefikiria kusema theluji ilifunga barabara, lakini ilikuwa mwezi wa tano na mama yule si mjinga. Nimefikiria kusema chama kilivunjika. Au nimwambie ukweli, lakini ukweli upi, maana ukweli wenyewe ni kwamba Kanada ndiyo yenye kosa, ndiyo iliyoanza na mafomu yake na mahema yake, na Ta Karugendo ndiye aliyefanya utani wa fundi kuwa hukumu, mtu mzima na akili zake, na Sahil naye angenijibu tu pale pale kama mwanaume yangekwisha. Mimi nilichekesha watu, basi. Niambie tu kwamba sina kosa, nikate gazeti nikamwonyeshe mama. Na kama unaona nina kosa, liwe dogo.

Ni mimi, Fundi Nambari Moja, Kashai, Bukoba.

* * *

MA KLAUDIA ANAJIBU

Fundi,

Umeniomba nifiche jina lako. Ningeficha, ila wewe mwenyewe umetaja mtaa, kazi, rafiki, msiba wa baba yako na jina analokuitia Sahil, kwa hiyo Kashai nzima imeshakujua. Usinilaumu mimi. Ni mdomo uleule.

Pole kwa kuondokewa na Ta Umedi. Hiyo pole ni ya kweli, ipokee vizuri, kwa sababu baada ya hapa sina nyingine.

Umewacheka Wakanada ukurasa mzima. Nami nimecheka, sikatai. Karani anayefuta alama ya mtu halafu anamthamini alivyo anastahili kuchekwa mpaka meza yake itikisike. Lakini yule karani ana utetezi mmoja ambao wewe huna: hakumjua Sahil. Alimwona dakika tano kupitia dirisha. Wewe umekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, umekula naye sufuria moja, babu yake alikaa chini kwa ajili ya baba yako. Ukaulizwa swali moja tu, pengine swali pekee la maana utakaloulizwa maisha yako yote, na jibu ulilotoa ni lile lile la karani, tena bila tabasamu lake. Umesema wanachambua watu kama kahawa. Na siku walipokosa mchambuzi walipiga simu kwako, ukawamalizia kazi bure.

Usiniletee habari ya utani. Utani mliokuwa nao ninaujua, mji huu umejaa utani huo, na mzuri wake ni kwamba kila mmoja ana zamu. Siku ile Sahil hakuwa na zamu. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa watu wasiomjua, anasubiri mtu wa kwao aseme yeye ni nani. Unamlaumu kwamba hakukujibu "kama mwanaume". Amjibu nani? Wewe ulikuwa unaongea na Kahangwa. Ulikuwa na simu ya Kanada mkononi na macho yako yako kibandani, unatafuta kicheko cha vijana walioegemea kaunta yako. Umekipata. Kimekutosha?

Na Ta Karugendo, ambaye gazeti hili litamfikia maana watu wa Muleba hutumiana kila kitu, asidhani atapita bila kuguswa. Miaka kumi na nane anaendesha basi la watu, na ninaapa kila wiki kuna abiria anayemuuliza "unatoka wapi hasa", anarudi nyumbani amenuna, anamwambia mkewe watu wa nchi hii bwana. Halafu Jumamosi anavaa koti, anakaa kiti cha mbele, anamuuliza Sahil swali lilelile kwa Kihaya. Tena baada ya kijana kumwamkia kwa Kihaya! Sikiliza, fundi. Watu wanaotaka kumpokea mtu hawapigi simu ng'ambo. Walishaamua kukataa, wakatafuta wa kuwakatalia ili mikono yao ibaki safi. Wewe ulijitolea ukiwa unacheka.

Wala tusijifanye sisi wa huku ni bora. Ndugu za Ta Umedi wameondoka hapa mmoja baada ya mwingine miaka yote hii, na kila aliyefunga duka tulisema "amerudi kwao". Kwao wapi? Mzee kazaliwa Bilele, kafia Bilele, na barua yako, inayodai kumlilia, imemwita Mhindi pale alipokaa kwenye nyasi. Alikwambia nyamaza, lia kwanza. Hukumsikia siku ile na hujamsikia mpaka leo.

Sasa tuyaache hayo, maana mama wa watu anasubiri jibu.

Theluji! Ungekuwa mbele yangu ningekupiga na gazeti lenyewe. Mama Jagruti amekutuma ukamtafute mtu aliyesababisha mwanawe akae msiba peke yake. Umeshampata, anakaa kwenye kiti chako. Nenda Bilele leo hii, usingoje Jumapili, usibebe sukari, usibebe mtu wa kukusindikiza. Chai akikupa usinywe kwanza. Usianze na Kanada, usianze na fomu wala mahema wala dereva wa basi, kwa sababu nakufahamu, ukianza huko utachekesha, na ukichekesha utatoka pale umekunywa chai ya pili na hujasema kitu. Neno la kwanza liwe hili: "Mama, ni mimi." Halafu mweleze simu ile neno kwa neno, na kicheko chake, na mkono aliokupa Kahangwa. Akilia, kaa. Akikufukuza, toka, na kesho yake urudi ukasimame nje ya duka. Asipokuita dikra tena, hiyo ni haki yake, usimdai.

Kuhusu kuuza duka na kumfuata Sahil, hilo si lako wala si langu. Wakienda, waende kwa kupenda. Wasiende kwa sababu yako.

Sahil usimpigie. Najua unatamani kumpigia sasa hivi umwambie umesoma kwenye gazeti na umebadilika. Hataki kusikia habari zako. Ametumwa maua na watu wasiomjua na amenyimwa hata miguu ya kuja msibani na watu wanaomjua, na anachokosa si ujumbe mwingine wa sauti kutoka kwako. Anachokosa ni watu wa kukaa naye.

Hao watu utamtafutia wewe. Namba ya Karugendo unayo. Uliza Jumamosi yao ya mkutano ni lini, na siku hiyo funga kibanda saa kumi na moja, Kahangwa aende kwao. Piga simu. Mwombe mwenyekiti aweke spika, ukumbi mzima usikie, kama mara ya kwanza. Atasita, atasema tuongee pembeni kwanza, fundi, haya ni mambo ya ndani ya chama. Kataa. Walikusikia wote, wakusikie wote tena. Kisha sema haya, na uyaandike kwenye karatasi usome, maana ukiachwa bila karatasi tumekwisha:

"Mliniuliza kama Sahil ni mtu wa kwetu, nikafanya mzaha. Jibu ni ndiyo. Babu yake alikaa siku tatu kwenye msiba wa baba yangu, Muleba. Mzee huyo amefariki mwezi wa tano, mimi nimembeba, na mjukuu wake yuko mjini kwenu, hajakaa naye mtu. Imechelewa lakini msiba upo. Nendeni mkakae naye."

Mwisho. Usiongeze kwamba wewe ni fundi nambari moja. Usiombe msamaha kwa dakika kumi ili wakuhurumie, wa kuhurumiwa ni mwingine. Usiwatukane, ingawa ningependa. Ukimaliza kusoma, ukumbi utakuwa kimya, na kimya hicho kitakuwasha kuliko upupu, utasikia kichekesho kinapanda kooni chenyewe. Kimeze. Waache wakae na aibu yao hapo, imtazame kila mmoja usoni, ifike mpaka kwa katibu mwenye wivu wa zulia. Usikate simu, usikohoe, shika tu, hata kama salio linaisha, mpaka mmoja wao, mama mmoja huko nyuma, aulize huyo mtoto anakaa mtaa gani.

Hilo swali unaruhusiwa kulijibu.